Jina Ambalo Paskalina Hakulitaja Hewani

Vijana wa kituo cha televisheni walikuja kwangu hapa Katesh na soda na mkate. Nikajua wametumwa. Mtu hakuletei mkate Hanang, kwenye ngano yenyewe, bila sababu.

"Shikamoo, Dada Resti."

"Marahaba. Semeni."

Wakasema kituo kinaandaa sherehe, na meneja mpya anaomba nirekodiwe nikisimulia miaka yangu ya kazi, hasa habari za majina ambayo kituo kimepitia. Wakasema pia, kama jambo dogo la kumalizia, kwamba ofisi inafikiria kurudisha jina la tatu. Neema, anayesoma matangazo siku hizi, akaeleza: "Meneja anasema lile jina lina mizizi."

"Mizizi ya nani?"

Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Nilikataa kurekodiwa, kwa sababu ukirekodiwa anayekata ni mtu mwingine, na mimi nimekaa chumba cha mitambo muda wa kutosha kulijua hilo. Nikasema nitaandika. Ndiyo haya. Bandikeni ukutani au fungieni maandazi, lakini msome kwanza.

Jina la tatu sitaliandika humu. Mkifika mbele mtaelewa kwa nini, na kama hamtaelewa basi mkate wenu nimeula bure.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya njaa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hata shamba halijavunwa. Mimi ndiye mkubwa, nikiwa darasa la sita, nyuma yangu Paskalina na wadogo wa kiume. Baba zetu wadogo walikaa kikao wakatugawa, huyu aende Mbulu, huyu Dongobesh, huyu abaki kuchunga. Nikasema hawa hawagawanywi. Mmoja akaniuliza, "Utawalisha nini, wewe mtoto?" Sikuwa na jibu, nikaenda mjini kulitafuta.

Nililipata Duka Jipya. Mwenye duka alikuwa amenunua dishi kubwa, akavuta waya mpaka kwenye baa ya jirani, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha nyumba kwa nyumba. Alihitaji mtu wa kubeba ngazi. Watu walikuwa wakiulizana, "Umevuta ya Duka Jipya?" Hilo ndilo jina la kwanza la kituo chetu. Hakuna aliyelibuni na hakuna aliyelilalamikia. Naona mngeanza sherehe zenu hapo.

Fundi alikuwa Boay, mtu mwembamba wa Mogitu, mkali kwa waya na mpole kwa watu. Siku ya kwanza nilimbebea ngazi. Baada ya wiki chache mgongo ulimkamata, akanivua gauni, yaani alinipa suruali yake nikaivaa kwa kuikunja, akanifunga mkanda, akasema panda. Nilipanda nguzo ya mkaratusi huku nalia. Kule juu upepo wa mlima ulinipiga mpaka machozi yakakauka. Katekista aliniita akasema nguzo si mahali pa msichana. Nikamuuliza kama anajua mahali pengine penye unga. Hakuniita tena.

Boay alikuwa na fundisho moja ambalo alilirudia mpaka likachosha: adui wa waya ni maji. Picha ikiwa na chenga, usiishike televisheni ya mtu. Nenda kwenye kiungo kilichoelekea mlimani, maana mvua ya Katesh inakuja na upepo kutoka upande ule na huingia hapo kwanza. Kabla waya haujaingia nyumbani, ukunje uning'inie chini kidogo, maji yadondoke nje. "Waya uingie umeinama," alikuwa akisema, "kama mgeni anayejua adabu." Grisi ikiisha alipaka viungo mafuta ya kondoo. Yalizuia maji vizuri sana, isipokuwa panya walikuwa wakipanda nguzo kuyala, na kila walipokula, nusu ya mji ilikosa taarifa ya habari. Kule nje ya mji tatizo lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe akiwashwa hutafuta kitu cha kujikuna, na nguzo yetu ilikuwa ndiyo kitu chenyewe.

Jina la pili lilikuja tulipofungua mitambo Mbulu mjini na Haydom. Duka Jipya halikutosha tena. Mwenye duka alikuwa amezeeka, mwanawe akashika usukani, akataka jina la kampuni. Akachagua Nyanda TV. Jina zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ulikuwa vibandiko. Kila kisanduku juu ya kila nguzo, kutoka Katesh mpaka Haydom, kilitakiwa kubanduliwa jina la zamani na kubandikwa jipya. Mkurugenzi hubadili jina kwa mdomo, fundi hulibadili kwa ngazi. Mkumbuke hilo wanapowaletea nembo mpya kwenye karatasi inayong'aa.

Wakati wa Nyanda TV ndipo tulipoanza kuwa na kipindi chetu wenyewe. Ilikuwa stoo ya duka, pazia la kitenge, kamera moja na meza. Matangazo ya vifo, ng'ombe waliopotea, mnada, chanjo, mikutano ya vijiji. Walijaribu wasomaji wengi kutoka mjini, na wote walisoma tangazo la ng'ombe kama wanasoma risala. Paskalina alikuwa amemaliza kidato cha nne. Nikamleta.

Mdogo wangu akikaa mbele ya kamera alikuwa anasema na mtu. Akisoma, "Ndugu yetu wa Gendabi anatafuta dume lake jekundu, sikio la kulia limekatwa, pembe moja imeinama," ulimwona yule dume. Na kwenye vifo hakukimbia. Alisoma jina la marehemu, akanyamaza kidogo, ndipo akataja watoto wake. Watu walisimamisha kijiko. Baa zilipunguza muziki. Wafugaji waliokuja mnadani walikaa dirishani kwa watu wasiowajua ili wamsikilize, na mara nyingi ng'ombe alipatikana.

Mwenye kuleta matangazo ya chanjo alikuwa kijana wa idara ya mifugo, Mdatoga wa Dirma. Alianza kuleta chanjo nyingi kuliko magonjwa yaliyokuwepo. Nikamwambia Paskalina, "Huyu ng'ombe zake hazina ugonjwa. Anayeumwa ni yeye." Akaona aibu, nikajua mambo yameiva.

Baba wa yule kijana akaja kwetu mwenyewe. Mzee mrefu, shuka nyeusi, fimbo, na kibuyu cha asali. Baba zetu wadogo walikuwa wamesikia habari ya mahari, wakafika mapema kuliko walivyofika msibani, wakakaa mbele kwenye viti. Mzee akawaamkia, akatazama nyumba, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukanyaga neno moja moja:

"Nani amelisha huyu binti?"

Baba mdogo mmoja akakohoa, "Ni ukoo, mzee."

"Ukoo ina mikono? Mimi nauliza mikono."

Paskalina, aliyekuwa mlangoni na chai, akanielekezea kidole. Nilikuwa bado na suruali ya kazi na grisi mpaka kiwikoni. Mzee akainuka, akahamisha kigoda chake, akaja kukaa mbele yangu, mgongo kwa wazee wale wote.

"Basi nasema na wewe," akasema. "Wewe ni baba wa nyumba hii. Mimi naomba mtoto."

Mnaweza kuishi miaka mingi mkapandishwa vyeo, hakuna atakayewapa heshima kama ile. Mimi sijapewa tena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo meneja wenu haliiti mizizi. Kwa Wadatoga, mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai, halitaji akiwa amekufa, na hukwepa hata maneno yanayolikaribia. Wanawake wana maneno yao ya kuweka mahali pake, wanafundishana. Mama mkwe wa Paskalina alimfundisha wakikamua ng'ombe. Sisi Wairaqw, Wambulu kama wengine wanavyotuita, tunaoishi jirani nao tunalijua hili, hata mtoto wa shule analijua. Paskalina alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa, na alilishika jambo hili kuliko waliozaliwa nalo. Nilimuuliza kama halimchoshi. Akasema, "Dada, yule mzee aliwapa mgongo watu wote kwa ajili yako. Mimi nishindwe kunyamaza neno moja?"

Mzee alipofariki, mazishi yake yalikuwa makubwa, ya wale wazee wanaojengewa kaburi kwa heshima, na watu kuja kwa miezi kuongeza udongo na kuimba. Alikuwa amesuluhisha ugomvi wa malisho na mashamba tangu Gendabi mpaka kwetu, kwa hiyo walikuja wafugaji na wakulima pamoja. Tulipeleka kamera. Mkurugenzi, yule mwana wa mwenye duka, naye alikwenda. Mimi niliona msiba. Yeye aliona umati.

Alirudi akasema kituo kinabadili jina. Kitaitwa kwa jina la mzee, ili wafugaji wajue ni chao. Nikamwambia pale pale, mbele ya mafundi, kwamba mabinti wakwe wa mzee hawataweza kulitaja. Akanijibu, "Dada Resti, mila haziangalii televisheni."

Hakuwa mgeni huyu. Hakutoka Dar es Salaam. Alikua nao, alicheza nao, alijua. Ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka mkono wangu unatafuta koleo.

Akaenda kwa mtoto mkubwa wa mzee, akamchinjia ng'ombe, akaomba ruhusa. Wanaume wakafurahi, jina la baba yao litaandikwa kwa taa za umeme Katesh na Mbulu. Mume wa Paskalina alisema wanawake nao waulizwe. Kaka yake akamwambia, "Wewe mkeo anakutuma." Basi ukaitishwa mkutano Dirma, ili ionekane wameulizwa. Mimi nilikwenda kufunga spika.

Mkurugenzi alihutubia vizuri. Mwishoni akasema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Sisi ni watu wa demokrasia. Mama yeyote anayepinga jina hili asimame. Alitaje jina analolipinga, aseme sababu."

Wanawake walikuwa wamekaa upande wa kushoto, mabinti wakwe wote wa boma ya mzee na boma za ndugu. Nikawaona wanavyoinamisha vichwa mmoja mmoja. Mama mkwe wa Paskalina, ambaye naye hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina, alisimama. Akafungua mdomo. Akasema, "Hilo... hilo la kituo..."

"Lipi, mama? Litaje tukuelewe."

Wanaume wengine wakacheka. Mama akabaki amesimama, shuka ameishika kifuani, halafu akakaa.

Nikainua maikrofoni ya majaribio iliyokuwa mkononi mwangu. "Bosi, unajua kwamba hawawezi kulitaja."

"Fundi, angalia spika zako."

"Spika ziko salama. Nasema hawawezi kulitaja na wewe unajua."

Akanyoosha mkono yeye mwenyewe, akachomoa waya wa maikrofoni yangu. Akapaza sauti: "Hakuna anayepinga? Basi tumekubaliana." Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo jina lenu lenye mizizi lilivyopatikana. Mwanamke aliambiwa alinde heshima yake kwa kuivunja kwanza, na aliponyamaza wakasema ameridhika.

Tukapanda nguzo tena na vibandiko.

Paskalina hakuacha kazi. Alikaa mezani kama kawaida, nembo mpya nyuma yake, na kila ilipotakiwa kutaja kituo alisema "kituo chako hiki" au "hapa tunapokutana jioni." Hakugombana na mtu. Wanawake wa Dirma na Balangda walielewa siku ya kwanza. Walipokuja dirishani kuleta matangazo walisema, "Nimekuja kwa ile ya mama Daniel." Kwa mdomo wa wanawake kituo kiliitwa hivyo, kwa jina la mtoto wa Paskalina, Ya Mama Daniel, na kilikwenda vizuri tu. Mkurugenzi angeacha hapo asingepoteza chochote.

Lakini hakuweza kuvumilia kwamba jina alilochagua halisemwi na msomaji wake. Alimwita ofisini, nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Wewe ni Mmbulu," akamwambia. "Tena Mkristo. Mila hii si yako."

"Ndoa ni yangu," akasema Paskalina.

"Kazi nayo?"

"Nayo ni yangu. Nimekosea tangazo gani?"

Mtu aliyekosa jibu huwa hatari. Jioni ile alikuja chumba cha mitambo wakati kipindi kinaendelea, akasimama nyuma yangu akinuka kahawa. Akamtumia Paskalina neno kwa karatasi: ataje jina sasa hivi. Paskalina akaisoma karatasi, akaiweka kando. Akaendelea na mnada.

"Mkate," mkurugenzi akaniambia.

"Nimkate kwa kosa gani?"

"Nimesema mkate, Resti."

Hakuniita Dada. Nikaondoa mikono yangu mezani, nikaikunja. "Mitambo hii hapa. Ni mali yako. Huyu ni mtoto wangu. Mkate mwenyewe."

Akanisukuma na kiti changu, akabonyeza alichokiona. Picha ikaondoka, sauti ikabaki. Katesh yote ikawa inatazama giza na kumsikia mdogo wangu, ambaye hakujua lolote, akimaliza tangazo la mama mmoja wa Gendabi aliyepotelewa na mtamba mwenye baka jeupe tumboni. Alilimaliza polepole, hadi namna ya kumpata mwenye ng'ombe. Akasema, "Asanteni kwa kuwa nasi hapa." Ndipo mkurugenzi akapata kitufe cha pili.

Asubuhi Paskalina alifukuzwa. Sababu waliyotoa ni "kutozingatia utambulisho wa kituo."

Mimi nilibaki, na sitaomba radhi kwa kubaki. Wadogo walikuwa shuleni, na niliwaahidi hawatagawanywa. Nilitengeneza waya chini ya jina lile kwa miaka, na sikulitaja hata mara moja. Mteja aliponiuliza natoka wapi, nilisema natoka kwa watu wa waya. Wasomaji waliokuja baada ya Paskalina walilitamka jina kwa bashasha kila walipopumua, na wanawake wa uwandani wakahamisha matangazo yao makanisani na mnadani. Ng'ombe waliendelea kupotea. Sisi hatukuwatangaza tena, kwa sababu hatukuambiwa.

Kisha mkurugenzi akauza kituo, wanunuzi wakaleta jina la nne, hili mlilonalo: herufi mbili na alama ya kujumlisha, ambayo sijampata mtu wa kuniambia inajumlisha nini. Kwenye ukuta wa mapokezi mmeandika kwamba jina la tatu liliachwa "kwa sababu za kibiashara." Hamkuandika lililompata Paskalina. Wala yule mama aliyesimama Dirma hayumo.

Vijana walipoondoka na chupa zao tupu za soda, nilikwenda Dirma. Paskalina sasa anafuga kuku na ana mabinti wakwe wawili. Nilimwambia wanataka kulirudisha. Alikuwa akichambua maharage, hakuacha.

"Safari hii watauliza?" akasema.

"Wameitisha kikao cha wadau."

"Basi tutaenda."

Tulikwenda Ijumaa, yeye, mabinti wakwe zake, na wanawake wengine wa zile boma. Mama mkwe wake hakuwepo, alishafariki. Meneja mpya ni kijana mwenye adabu. Alituamkia wote, akatupa maji, akatuonyesha picha za nembo, ambazo mabinti walizitazama haraka na kuinamisha macho. Akaeleza urithi na utambulisho. Kisha akauliza kwa upole, na naamini hakujua anachokifanya, "Mama zetu, kama kuna jina mnaona halifai, litajeni, msiogope."

Nikaanza kuinuka. Paskalina akanishika goti, akainuka yeye.

"Mwanangu," akasema, "kwanza litaje wewe. Ututazame usoni, halafu ulitaje."

Kijana akatutazama. Akaanza. Neno likafika mdomoni likakwama. Akatazama mabinti wakwe, akatazama nembo yake, akasema, "Hili... hili la zamani." Akajishtukia, akaona haya. Safari hii hakuna mwanamume aliyecheka.

"Sasa mama," akauliza, "mnataka kituo kiitweje?"

"Kituo ni chenu," Paskalina akamjibu. "Kiiteni mnavyopenda. Mimi naomba tu na sisi tuweze kukiita."

Akakaa. Meneja akamshukuru, akasema maoni yote yatazingatiwa. Karani wake alikuwa mezani na kalamu mkononi, nilikuwa namwangalia yeye muda wote. Alikuwa ameandika nembo, rangi, na waliohudhuria. Paskalina aliposema lile neno, kalamu haikusogea.

Ndiyo maana nimeliandika mimi.